Ifungue Nambari Kubwa kwa Kalamu: Mwongozo kwa Msomaji wa Bahati

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Kenya ilianza kuhesabu watu wake. Makarani walipita mlango kwa mlango na tableti mkononi, mara ya kwanza kwa nchi hii kufanya sensa bila makaratasi, na mwezi wa Novemba Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, likatangaza matokeo. Kaunti ndogo ya Nakuru Kaskazini, ambayo wengi wetu huiita Bahati tu, iliandikiwa watu 218,050. Kaunti nzima ya Nakuru iliandikiwa watu 2,162,202.

Nambari za aina hii huwa tunazisikia redioni, tunasema "laki mbili na kitu" au "milioni mbili na ushee", kisha tunaendelea na shughuli. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuketi nazo azifungue. Uwe mwanafunzi wa sekondari kule Kabatini, mwalimu wa hesabu Dundori, au mweka hazina wa chama ambaye kazi yake ya kila mwezi ni kuamini au kutoamini jumla fulani, utahitaji vitu vilevile: daftari la hesabu lenye miraba, kalamu, na jioni moja isiyo na haraka. Kikokotoo cha simu si haramu. Kitumie kuhakikisha ulichokwisha kukipata kwa mkono, kwa maana kikokotoo hukupa jibu bila kukuonyesha nambari imejengwaje, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Andika nambari hizo mbili juu ya ukurasa, moja chini ya nyingine. Acha nafasi ya kutosha.

Kwanza ikague

Usianze kuchambua nambari kabla hujajua kwamba umeinakili sawasawa. Sensa ya 2019 iligawa Kaunti ya Nakuru katika kaunti ndogo 11, na kila moja ina hesabu yake: Gilgil 185,209, Kuresoi Kaskazini 175,074, Kuresoi Kusini 155,324, Molo 156,732, Naivasha 355,383, Nakuru Mashariki 193,926, Nakuru Kaskazini 218,050, Nakuru Magharibi 198,661, Njoro 238,773, Rongai 199,906, na Subukia 85,164. Je, zikijumlishwa zinafika 2,162,202? Unaweza kuzijumlisha upya, lakini aliyekosea mara ya kwanza huenda akakosea palepale mara ya pili. Afadhali kuikagua jumla kwa njia nyingine kabisa.

Njia hiyo ni kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za kila nambari, na ukipata jumla ya tarakimu mbili, zijumlishe tena. Gilgil ni 1+8+5+2+0+9, yaani 25, na 2+5 ni 7. Andika 7 pembeni. Naivasha ni 27, na 2+7 ni 9. Tisa yenyewe hutupwa, kwa hiyo andika sifuri. Bahati ni 16, ambayo huwa 7. Ukizimaliza zote kwa mpangilio ule nilioutaja, pembeni utakuwa na 7, 6, 2, 6, 0, 3, 7, 4, 3, 7, 6. Jumla ya hizo ni 51, na 5+1 ni 6. Sasa geukia jumla ya kaunti: 2+1+6+2+2+0+2 ni 15, na 1+5 ni 6. Zimekubaliana.

Sababu yake ni fupi. Ukigawa 10 kwa 9 hubaki 1. Ukigawa 100 hubaki 1, na 1,000 vilevile. Kwa hiyo tarakimu yoyote, iwe katika makumi, mamia au malaki, huacha baki ileile ambayo ingeiacha kama ingesimama peke yake. Unapojumlisha tarakimu unatafuta baki ya nambari nzima kwa 9 bila kugawanya chochote.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha udhaifu wa njia hii: haijali tarakimu imesimama wapi. Mtu akiandika 185,290 badala ya 185,209, tisa haitamkamata, na kosa la kubadilisha tarakimu mbili zilizopakana ni miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa kwa anayenakili kwa mkono. Dawa yake ni 11. Anza kulia, toa na kujumlisha kwa zamu: 9−0+2−5+8−1 ni 13, ondoa 11 inabaki 2. Ile iliyokosewa ingetoa 0−9+2−5+8−1, yaani hasi 5, ongeza 11 upate 6. Kosa limeonekana. Ukipitisha kaunti ndogo zote 11 kwa njia hii utapata 2, 9, 4, 4, 6, 7, 8, 1, 7, 3, 2, ambazo jumla yake ni 53. Ondoa 44 inabaki 9. Jumla ya kaunti, 2−0+2−2+6−1+2, nayo ni 9.

Mweka hazina azishike hizi mbili pamoja. Jumla iliyopita mtihani wa 9 na wa 11 inaweza kuwa na kosa iwapo tu kosa hilo lenyewe linagawanyika kwa 99. Aliyekosea kwa shilingi 10, 50, 100 au 1,000 atanaswa bila shaka.

Sasa itumie koma

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtoto wa shule alijue, na sijui kwa nini halifundishwi mapema. Zile koma zinazotenganisha tarakimu tatu tatu zinaweza kukuambia kwa mpigo mmoja kama nambari inagawanyika kwa 7, kwa 11 au kwa 13.

Siri iko katika 7 × 11 × 13, ambayo ni 1,001. Kwa kuwa 1,001 inagawanyika kwa zote tatu, 1,000 ni pungufu moja tu ya nambari inayogawanyika kwa zote, na kwa hiyo katika hesabu ya baki 1,000 hufanya kazi kama hasi 1. Milioni, ambayo ni elfu mara elfu, hurudi kuwa chanya 1. Basi fungu la mwisho la tarakimu tatu unalichukua kama lilivyo, fungu la maelfu unalitoa, fungu la mamilioni unalijumlisha.

Fanya hivyo kwa nambari ya kaunti. Mafungu yake ni 2, 162 na 202. Kwa hiyo 202 − 162 + 2 ni 42. Nambari ya milioni mbili imeshuka hadi 42 kwa mstari mmoja wa daftari, na maswali matatu unayajibu hapohapo: 42 inagawanyika kwa 7, haigawanyiki kwa 11, haigawanyiki kwa 13. Kwa hiyo 2,162,202 inagawanyika kwa 7, na haigawanyiki kwa hizo nyingine mbili.

Nambari ya Bahati ina mafungu mawili tu: 50 − 218 ni hasi 168, na 168 ni 7 mara 24. Nayo pia inagawanyika kwa 7. Nazo 11 na 13 zimekataa, sawa na kwa kaunti.

Ivunje hadi itakapogoma

Kigawo ni nambari inayoigawa nyingine bila kuacha baki. Nambari tasa ni ile isiyo na vigawo ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 huvunjika hadi kuwa zao la nambari tasa, na huvunjika kwa namna moja tu. Mimi na wewe tunaweza kuanza pande tofauti, lakini tukimaliza tutakuwa na vipande vilevile mezani.

Anza na Bahati. 218,050 inaishia na sifuri, kwa hiyo 2 na 5 zote zimo: ukitoa hizo inabaki 21,805. Hii inaishia na 5, toa 5 nyingine, inabaki 4,361. Tulishajua kwamba 7 imo. 4,361 kwa 7 ni 623, na 623 kwa 7 tena ni 89. Je, 89 ni tasa? Jaribu 2, 3, 5 na 7. Zote zinaacha baki, na huna haja ya kuendelea, kwa kuwa 11 × 11 ni 121, imeshapita 89. Umemaliza:

218,050 = 2 × 5 × 5 × 7 × 7 × 89

Sasa kaunti. 2,162,202 ni nambari shufwa, toa 2: 1,081,101. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 12, kwa hiyo 3 imo: 360,367. Toa ile 7 tuliyoipata kwa koma: 51,481. Hapa ndipo kazi inapoanza.

51,481 haiishii na tarakimu ya kukusaidia. Unaanza kuijaribu kwa nambari tasa, moja baada ya nyingine. Mwisho wake ni wapi? Ni pale nambari tasa ikizidishwa kwa yenyewe inapoipita 51,481, kwa maana kama nambari ina vigawo viwili vya kuzidishana, kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili. 227 × 227 ni 51,529, imepita. Basi unaishia 223, ambayo ndiyo nambari tasa iliyo kabla ya 227.

Ili kuzipata hizo tasa, tengeneza chekeche. Andika nambari kutoka 2 hadi 225 katika miraba ya daftari. Acha 2, futa vigawe vyake vyote, yaani nambari nyingine zote zinazogawanyika kwa 2. Acha 3, futa vigawe vyake. Kisha 5, 7, 11 na 13. Zilizosalia zote ni tasa, na utazihesabu 48. Njia hii ina jina la Eratosthenes, mzaliwa wa Kyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ni hesabu iliyotoka bara hili hili, na hadi leo haijapata mshindani kwa anayefanya kazi na daftari.

Kabla ya kujaribu zote 48, itazame nambari jirani. 51,480 ni 360 × 143. Ndani ya 360 mna 2, 3 na 5. Ndani ya 143 mna 11 na 13. Kwa kuwa zote tano zinaigawa 51,480 sawasawa, zikiigawa 51,481 lazima zibakishe 1. Umeziondoa tano kwa mara moja, zimebaki 43.

Hizo 43 huna budi kuzipitia. Usifanye mgawanyo mrefu wa darasani. Punguza tu hadi ubaki na kitu kidogo. Kwa mfano 37: toa 37,000, inabaki 14,481, toa 11,100, inabaki 3,381, toa 3,330, inabaki 51, toa 37, inabaki 14. Haigawanyiki. Andika 14 pembeni, nenda kwa 41, kisha 43. Kuna zitakazokukaribia sana. 29 na 71 zinaacha 6 tu, 23 inaacha 7. Kuna nyingine zitakazokosa kwa upande wa juu: 131 inaacha 129. Vumilia hadi 223. Hakuna hata moja itakayoingia, na hapo una haki ya kuandika kwa wino kwamba 51,481 ni nambari tasa, na kwamba

2,162,202 = 2 × 3 × 7 × 51,481

Nakusihi ufanye kazi hii yote angalau mara moja maishani. Kusoma mahali kwamba nambari fulani ni tasa ni jambo dogo mno ukilinganisha na kuzifunga mwenyewe njia zote 48.

Vigawo vyake vinakuambia nini

Idadi ya vigawo vyote vya nambari huipati kwa kuvitafuta kimoja kimoja. Hesabu kila tasa imejirudia mara ngapi, ongeza 1 kwa kila moja, kisha zidisha. Kwa Bahati: 2 mara moja, 5 mara mbili, 7 mara mbili, 89 mara moja. Kwa hiyo 2 × 3 × 3 × 2, yaani vigawo 36. Kwa kaunti, tasa nne na kila moja mara moja tu: 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16.

Nambari ndogo imeizidi kubwa mara mbili na zaidi. Wengi hudhani kwamba kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa na mengi ndani, na dhana hiyo si kweli.

Tofauti hii unaiona ukijaribu kugawa watu. Ukitaka kuwapanga watu 218,050 katika makundi yaliyo sawa bila mtu kubaki nje, unaweza kufanya makundi 50, au 175, au 350 ya watu 623, au 890 ya watu 245, au 490 ya watu 445. Njia ni nyingi. Chukua sasa watu 2,162,202. Unaweza kufanya makundi 2, 3, 6, 7, 14, 21 au 42. Baada ya 42, kigawo kinachofuata ni 51,481. Kati ya hapo hakuna njia yoyote: si makundi 50, si 100, si 1,000, si 10,000. Ile tasa moja kubwa imefunga njia yote.

Zote mbili, hata hivyo, zina sifa moja ya pamoja. Ukijumlisha vigawo vya nambari bila yenyewe, vile vya Bahati vinafika 259,040 na vya kaunti 2,780,070. Kila jumla imeizidi nambari iliyoizaa. Wagiriki wa kale waliziweka nambari za namna hiyo katika kundi lao maalumu, na wewe unaweza kuzihakikisha ukiwa na nafasi.

Mtoto mmoja akizaliwa

Sasa fikiria kwamba karani alikuwa ameandika mtu mmoja zaidi. 218,051 ni 29 × 73 × 103. Mtu mmoja pungufu, 218,049, ni 3 × 13 × 5,591. Kila moja ina vigawo 8. Vile 36 vimetoweka, saba mbili zimetoweka, tano mbili zimetoweka. Nambari mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, kwa hiyo kuongeza mtu mmoja hakubadilishi nyumba kidogo. Kunaivunja yote na kujenga nyingine.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kuna watu hutafuta ishara katika nambari. Saba kujitokeza mara mbili katika hesabu ya Bahati si dalili ya jambo lolote kuhusu watu wa Bahati, wala haitakusaidia kuchagua tiketi ya kamari. Ni sifa ya nambari 218,050 yenyewe, na ingekuwa vilevile kama ingekuwa hesabu ya magunia ya mahindi au ya lita za maziwa. Watu walizaliwa na kufa Bahati siku iliyofuata, na nambari haikuwa ile tena.

Miraba miwili

Sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo. Swali: unaweza kuiandika 218,050 kama jumla ya miraba miwili? Yaani, uwe na mashamba mawili, kila moja mraba kamili, vipimo vyake mita kamili, na eneo lao kwa jumla liwe mita za mraba 218,050, ambazo ni karibu ekari 54?

Kabla ya kutafuta, uliza kama inawezekana. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, ambaye kazi yake ilikuwa sheria na hesabu ilikuwa mapenzi yake tu, alieleza kanuni iliyo chini ya jambo hili, na zaidi ya miaka 100 ikapita kabla ya mwanahesabu Leonhard Euler kuithibitisha. Itumie hivi: vunja nambari yako hadi tasa zake. Itazame kila tasa ambayo ukiigawa kwa 4 hubaki 3, kama 3, 7, 11, 19, 23. Kila moja ya hizo ikiwa imejirudia mara shufwa, miraba miwili ipo. Hata moja ikijirudia mara witiri, haipo, na usijisumbue.

Katika Bahati tasa ya aina hiyo ni 7 peke yake, nayo imo mara mbili. Njia ipo. Katika nambari ya kaunti, 3 imo mara moja na 7 mara moja. Njia haipo. Unaweza kumpa mtu tableti zote zilizotumika katika sensa azitumie mwaka mzima kutafuta miraba miwili inayojumlika kuwa 2,162,202; hataipata, na wewe umelijua hilo kwa kutazama mstari mmoja.

Sasa itafute ya Bahati. Toa 7 × 7 kwanza: 218,050 kwa 49 ni 4,450. Tafuta miraba miwili inayofanya 4,450, kisha kila upande uuzidishe kwa 7. Mraba mkubwa lazima uwe nusu ya 4,450 au zaidi, kwa hiyo upande wake hauwezi kushuka chini ya 48, wala hauwezi kupita 66. Ni majaribio 19 tu. Kwa kila upande toa mraba wake kutoka 4,450 na utazame kama kilichobaki ni mraba. 66 × 66 ni 4,356, hubaki 94, si mraba. 65 × 65 ni 4,225, hubaki 225, na 225 ni 15 × 15! Endelea kushuka. 61 itakubakishia 729, ambayo ni 27 × 27. 51 itakubakishia 1,849, ambayo ni 43 × 43. Nyingine zote zitakataa. Zidisha kwa 7:

455 × 455 + 105 × 105 = 218,050
427 × 427 + 189 × 189 = 218,050
357 × 357 + 301 × 301 = 218,050

Njia tatu, wala hakuna ya nne. Nambari iliyotoka katika sensa, ambayo hakuna aliyeichagua, imebeba jambo hili ndani yake tangu siku ilipochapwa.

Kigawo kikubwa cha pamoja, na siri za simu yako

Ukitaka kujua Bahati na kaunti zina nini kwa pamoja, unaweza kulinganisha vipande ulivyovivunja: 2 imo katika zote, 7 imo katika zote, basi kigawo kikubwa cha pamoja ni 14. Lakini ipo njia isiyohitaji kuvunja chochote, nayo ni ya Euclid, mwanahesabu wa Wagiriki wa kale. Gawa kubwa kwa ndogo, shika baki. Gawa ndogo kwa baki. Endelea hadi baki iwe sifuri.

2,162,202 kwa 218,050 ni 9, baki 199,752. 218,050 kwa 199,752 ni 1, baki 18,298. 199,752 kwa 18,298 ni 10, baki 16,772. 18,298 kwa 16,772 ni 1, baki 1,526. 16,772 kwa 1,526 ni 10, baki 1,512. 1,526 kwa 1,512 ni 1, baki 14. 1,512 kwa 14 ni 108 kamili. Baki ya mwisho kabla ya sifuri ni 14.

Ukizigawa zote mbili kwa 14 unapata sehemu ya Bahati ndani ya kaunti kwa umbo lake dogo kabisa: 15,575 juu ya 154,443. Ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo katika kila wakazi kumi wa Kaunti ya Nakuru mmoja alihesabiwa kwetu Bahati.

Linganisha kazi hizi mbili. Kupata 14 kulichukua migawanyo saba. Kuivunja 51,481 kulidai nambari tasa 48, na hiyo ni nambari ya tarakimu tano tu. Ongeza tarakimu, na pengo linakuwa kubwa kupita kiasi. Njia ya Euclid bado itamaliza upesi kwa nambari ya tarakimu 600. Kuivunja nambari ya ukubwa huo, ikiwa ni zao la tasa mbili kubwa, hakuna anayejua njia ya kuifanya kwa kompyuta zilizopo. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga juu ya pengo hilo njia ya kuficha ujumbe iitwayo RSA, na tangu hapo imelinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti, yakiwemo ya benki. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kuivunja moja ya nambari za majaribio za RSA, yenye tarakimu 250, kwa kutumia maelfu ya kompyuta kwa miezi. Ugumu uliouonja kwa 51,481 ni ugumu uleule.

Kazi ya kufanya mwenyewe

Sensa ile iliipa Kenya nzima watu 47,564,296. Hakikisha kwanza umeinakili sawasawa, kisha itumie koma: 296 − 564 + 47 ni hasi 221, na 221 ni 13 × 17. Kwa hiyo 13 imo, 7 na 11 hazimo. Usidanganywe na ile 17. Njia ya koma haisemi lolote juu yake. Tarakimu tatu za mwisho, 296, zinagawanyika kwa 8, na kwa kuwa 1,000 inagawanyika kwa 8, nambari nzima nayo inagawanyika. Ukitoa 8 na 13 utabaki na 457,349. Endelea kutoka hapo kwa chekeche yako. Tasa inayofuata haiko mbali, na kitakachobaki baada yake kitakutaka ujaribu hadi 151.

Ukifika mwisho unapaswa kuwa na 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071. Hesabu vigawo vyake kwa kanuni ya kuongeza 1 na kuzidisha: ni 32, pungufu ya vile vya Bahati. Kisha uliza kama watu wa Kenya wanaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kabla ya kugusa kalamu itazame ile 19.